Namna asasi ndogo inavyoweza kuwahudumia raia wanyonge wakati wa vita

Mapigano yanapoingia katika mji au kijiji, mashirika makubwa ya kimataifa kwa kawaida huwaondoa kwanza wafanyakazi wao wa kigeni, kisha hutathmini hali, kisha hurudi kwa awamu. Kipindi hicho cha katikati huweza kuwa cha siku chache au cha miezi mingi, na wakati wote huo kazi ya kutafuta maji, kubeba majeruhi, kuwahifadhi watoto na kuwazika waliokufa hubaki mikononi mwa wenyeji: kamati za misikiti na makanisa, vyama vya wanawake, matawi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, na asasi zenye watumishi wachache na pengine gari moja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa asasi za namna hiyo, ambao wao wenyewe na jamaa zao wamo katika hatari ileile wanayojaribu kuwanusuru wengine.

Ushauri wote uliomo humu umejengwa juu ya jambo moja: mtu aliye mnyonge kuliko wote hafiki kwenye foleni ya msaada. Anayefika ni yule mwenye nguvu za kutembea, aliyepata habari, mwenye mtu wa kumwachia watoto na asiyeogopa jina lake kutajwa hadharani. Mashirika yanayotoka mbali hayamjui asiyefika wala hayaujui mlango wake. Nyinyi mnamjua, na ujuzi huo ndio mtaji wenu mkubwa. Kwa hiyo kila mnapopanga jambo, liwe orodha, fedha, ghala au safari, ulizaneni kama litamfikia asiyeweza kuja.

Fahamuni vita vinaua kwa njia zipi

Anayetazama vita kutoka nje huona risasi na mabomu. Walio ndani wanajua kwamba watu wengi sana hufa kwa sababu ya mambo yaliyokatika: pampu ya maji imesimama kwa kukosa dizeli, zahanati imeporwa, watoto wamekosa chanjo ya surua, na msimu wa kupanda umepita bila mtu kuthubutu kwenda shambani, ili njaa ya msimu huo ije kuonekana miezi mingi baada ya milio ya bunduki kunyamaza. Mkilielewa hilo, hamtatumia fedha zenu zote kwa vifaa vya majeraha huku mkisahau sabuni, ndoo zenye mifuniko na dawa ya kutibu maji.

Wanyonge hawafanani, na neno hilo likiachwa bila kufafanuliwa huishia kuwaficha watu badala ya kuwaonyesha. Wazee mara nyingi hubaki nyuma kwa sababu hawawezi kutembea umbali mrefu, au kwa sababu wameamua kulinda nyumba ili wengine waondoke. Kiziwi hasikii tangazo la kuhama, na anapoamriwa kusimama kwenye kizuizi cha barabarani hasikii amri hiyo pia, jambo ambalo mwenye bunduki huweza kulichukua kama ukaidi. Mwenye ulemavu wa miguu hutegemea jamaa mmoja au wawili, nao wakiuawa au wakikimbia, yeye hubaki kitandani bila mtu yeyote kujua. Wajawazito takriban 15 katika kila 100 hupata tatizo linalohitaji huduma ya dharura, na tatizo hilo halingoji barabara ifunguliwe. Wapo pia wanaoishi kwa dawa za kila siku, yaani wenye kisukari, kifafa, shinikizo la damu, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, ambao wanaweza kuonekana wazima leo na kufariki baada ya ghala la dawa kuteketea.

Makundi mawili husahaulika karibu kila mara. La kwanza ni vijana wa kiume, ambao hawaonekani kuwa wanyonge lakini ndio wanaotekwa kwenda kupigana, ndio wanaoshukiwa na kila upande, na ndio wanaotoweka wakiwa njiani kwenda kutafuta maji. La pili ni familia zinazowapokea waliokimbia. Nyumba iliyokuwa ya watu sita ikawa ya watu ishirini humaliza akiba yake haraka, na kwa kuwa wenyeji wake hawako kambini, hakuna anayewaandika. Binafsi naamini kwamba asasi ya mtaa yenye kidogo sana cha kutoa ingefanya vyema kuanza na familia hizo, kwa maana zikishindwa, wote waliomo huingia barabarani kwa siku moja.

Maandalizi ya kabla ya mapigano

Anzeni kwa kuwajua watu nyumba kwa nyumba. Gawanyeni eneo lenu katika vipande vidogo ambavyo mtu mmoja anaweza kuvizunguka kwa miguu kwa saa moja, na kila kipande kiwe na mjumbe anayeishi humo pamoja na msaidizi wake, mmoja wao akiwa mwanamke. Kazi ya mjumbe ni kujua nani hawezi kutembea, nani anatumia dawa gani, nani anakaribia kujifungua, na ni jirani yupi aliyekubali kumbeba nani ikibidi kukimbia. Makubaliano hayo ya mwisho yana thamani kuliko fomu yoyote, kwa sababu siku ya kukimbia hakuna atakayefungua fomu. Yafanyeni uso kwa uso, wote wawili wakiwepo, na yarudieni kila baada ya miezi michache kwa kuwa watu huhama.

Orodha yenyewe ni ya kuogopwa. Nchini Rwanda mwaka 1994, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani auawe. Orodha yenu ya misaada, ikiangukia mikononi mwa wasiostahili kuiona, inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Msiandike kabila, dini, chama wala kazi ya zamani ya mtu kama hamna haja nayo, na kwa kweli mara chache mtakuwa na haja nayo. Tumieni namba badala ya majina katika karatasi zinazosafiri, na ufunguo wa namba hizo ukae mahali pengine kwa mtu mwingine. Nakala ya kielektroniki ifungwe kwa nywila na kuwekwa nje ya eneo la hatari, wala msiiache kwenye simu za wajumbe, ambazo hukaguliwa vizuizini. Kubalianeni mapema ni nani mwenye mamlaka ya kuiharibu orodha bila kuomba ruhusa. Mfadhili akidai majina kamili, namba za simu na picha za nyuso kama sharti la kutoa fedha, mwelezeni hatari hiyo kwa maandishi na mpendekeze njia nyingine ya uhakiki. Wengi hukubali wakielezwa vizuri, na asiyekubali hajaelewa mahali mnapofanyia kazi.

Kuhusu dawa, ongeeni na zahanati na hospitali za eneo lenu wagonjwa wa kudumu wapewe dozi ya miezi 2 au 3 mara tu dalili za mapigano zinapoonekana. Kila mgonjwa abebe karatasi ndogo yenye jina la dawa na kipimo chake, isiyopata maji. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, lakini iliyofunguliwa huweza kutumika kwa takriban wiki nne nje ya jokofu ikiwa mahali pasipo na joto kali, na chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu husaidia sana pale umeme unapokatika. Wajumbe wafundishwe kutengeneza maji ya kunywesha mwenye kuhara pale pakiti za dukani zinapokosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Wajawazito wapewe pakiti ya kujifungulia yenye wembe mpya, uzi safi wa kufungia kitovu, glavu, sabuni na shuka la plastiki, hata kama mna matumaini makubwa kwamba watafika hospitali.

Kisha fedha, ambazo ndizo huangusha asasi nyingi kuliko kitu kingine. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukaacha kufanya kazi, hivyo shirika lenye akaunti iliyojaa halikuwa tofauti na lisilo na kitu. Nchini Sudan, mawasiliano ya simu na intaneti yalikatika karibu nchi nzima mwezi Februari 2024, na majiko ya jamii, yaani yale ambayo wenyeji huwapikia wenzao bure, yaliyotegemea kutumiwa fedha kwa simu yakashindwa kununua chakula cha siku. Kwa hiyo gawanyeni akiba yenu sehemu tatu: nyingine benki, nyingine kwenye simu za watu zaidi ya mmoja, na nyingine bidhaa zilizokwisha kulipiwa na kuhifadhiwa katika nyumba kadhaa badala ya ghala moja linalovutia waporaji. Andikianeni mapema na wafanyabiashara watatu au wanne kwamba watawapa bidhaa kwa mkopo hadi kiwango fulani na mtawalipa njia zikifunguka. Bodi nayo ipitishe azimio linaloonyesha ni nani atakayetia saini na kuamua endapo mkurugenzi ameuawa, amekamatwa au hapatikani, na nani atafuata baada ya huyo. Ni azimio chungu kulijadili, lakini nimeona asasi ikikaa wiki nyingi bila kutoa hata kilo moja ya chakula kwa sababu mtia saini pekee alikuwa upande wa pili wa mstari wa mapigano.

Kuzungumza na wenye silaha

Hamtaweza kufanya kazi bila kuzungumza nao, na kukataa kuzungumza nao kwa sababu ya waliyoyatenda, ingawa kunaeleweka, huwaumiza raia walio chini yao. Kifungu cha 3 kinachopatikana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949 kinasema kwamba chombo cha kibinadamu kisichopendelea kinaweza kuzitolea huduma zake pande zinazopigana, nacho kinazihusu vita za ndani ya nchi na makundi yenye silaha yasiyo ya serikali. Mwaka 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2417, lililaani kuwanyima raia chakula kama silaha ya vita na kuzuia misaada isiwafikie. Kamanda wa kizuizini huenda hajasikia habari za nyaraka hizo, lakini mkubwa wake mara nyingi amezisikia na anajali jina lake, kwa hiyo zitajeni kwa adabu mnapozungumza na wakubwa, na kwenye kizuizi semeni lugha nyepesi: tunampa kila mwenye shida, hatumuulizi ni wa nani, na hata jamaa zako tumewapa.

Maneno hayo yatakuwa na nguvu yakiwa kweli tu. Misingi minne ya kazi ya kibinadamu, yaani ubinadamu, kutobagua, kutoegemea upande wowote na kujitegemea, kwa asasi ya kijijini si nadharia. Ni jambo ambalo watu wanalipima kila siku kwa kuangalia nani alipata na nani alirukwa. Mhudumu mwenyeji ana kabila, ana ukoo na ana kaka ambaye pengine amejiunga na upande mmoja, na hawezi kujifanya kuwa mgeni. Kinachowezekana ni kuunda timu zenye watu wa jamii zote, kumpeleka kila mtaa mtu anayekubalika huko, na kukataa mapema zawadi zinazowafunga, kama vile petroli kutoka kambi ya wapiganaji, ulinzi wa askari wenye bunduki ndani ya gari lenu, au picha ya pamoja na kamanda. Silaha isiingie kwenye gari wala ofisini, na abiria mwenye sare asipandishwe hata akiwa jamaa.

Mtu mmoja tu, pamoja na msaidizi wake, ndiye azungumze na wenye silaha kwa niaba ya asasi, na kila mazungumzo yawekewe kumbukumbu fupi isiyotaja mahali walipo wapiganaji. Msieleze kamwe, kwa simu au kwa ujumbe, mlichokiona upande wa pili: idadi ya askari, magari au vizuizi. Taarifa ya namna hiyo ikivuja, mnageuka wapelelezi machoni mwa watu. Alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu msiichore kwenye gari lenu kama hamna haki nayo kisheria, hata mkidhani itawalinda, kwa kuwa kuitumia ovyo hupunguza usalama wa madaktari na wabeba majeruhi wanaoitegemea. Tengenezeni nembo yenu rahisi, ionekane kwa mbali, na mhakikishe pande zote zimeonyeshwa nembo hiyo kabla haijaonekana barabarani.

Suala la kulipa vizuizini ni gumu, na anayetoa jibu jepesi hajawahi kukaa kizuizini na lori la unga huku mvua ikinyesha. Ushauri wangu ni kwamba uamuzi ufanywe na bodi na uandikwe, dereva asibebeshwe mzigo huo peke yake. Msimamo ulio salama ni kutolipa fedha na kutotoa sehemu ya shehena, kujadiliana kupitia wazee na viongozi wa dini, na kurudi nyuma inapobidi. Anayelipa leo hupandisha bei ya kesho kwake na kwa wenzake wote. Maisha ya wahudumu yakiwa hatarini, waache mzigo, na asasi isimwadhibu mtu kwa sababu ya mali iliyochukuliwa kwa mtutu wa bunduki.

Kugawa bila kuwaacha walio nyuma

Mkusanyiko mkubwa ni hatari wakati wa vita, kwa kuwa huvutia makombora, wezi na wanaotafuta vijana wa kuwateka. Gawieni vikundi vidogo katika sehemu nyingi, saa za asubuhi, ili mwanamke anayeishi mbali arudi nyumbani kabla ya giza. Kabla ya siku hiyo, wajumbe wapeleke mgao majumbani kwa waliomo katika orodha ya wasioweza kutembea. Mpangilio huo una maana kubwa: wakianza wenye nguvu, chakula huisha, na asiyefika hupata maelezo ya pole.

Viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu ambavyo mashirika mengi duniani huvitumia, vinataja angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, kilokalori 2,100 za chakula kwa mtu kwa siku, mita za mraba 3.5 za mahali pa kulala penye paa kwa kila mtu, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 50 mwanzoni, kikishuka hadi kimoja kwa watu 20 hali inapotulia. Mara nyingi hamtavifikia. Vitumieni kujua mmepungukiwa kiasi gani, na kuwaonyesha wafadhili pengo hilo kwa namba, badala ya kuomba kwa maneno ya huruma. Vyoo viwekewe komeo kwa ndani na viwe upande tofauti kwa wanawake. Kukosekana kwa komeo moja hufanya wasichana wajizuie hadi usiku, na usiku ndio wakati wanaposhambuliwa.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mkanda wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ni kifaa cha bei ndogo ambacho mjumbe yeyote, na hata mama mwenyewe, anaweza kufundishwa kukitumia kwa siku moja. Mzunguko ulio chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali unaohitaji tiba mara moja, na kati ya 115 na 125 ni utapiamlo wa wastani unaohitaji chakula cha nyongeza na kufuatiliwa. Uvimbe wa miguu yote miwili kwa mtoto ni dalili ya hatari hata kama mkono hauonekani mwembamba.

Soko likiwa bado linafanya kazi, fedha taslimu huwapa watu heshima ya kuchagua na hubebeka bila lori. Soko likiwa limefungwa, fedha hupandisha bei tu na bidhaa ni bora zaidi. Kagueni soko kila wiki kwa kuuliza bei ya vitu vitano vilevile, maana hali hubadilika haraka.

Jambo la mwisho hapa ni la aibu kubwa, nalo haliwezi kufunikwa. Penye njaa na mtu mwenye orodha, hutokea wanaodai ngono ili kuandika jina. Tangazeni kila mahali, kwa maandishi na kwa mdomo, kwamba msaada ni wa bure na hakuna anayepaswa kutoa kitu chochote, mwili wake ukiwemo. Wanawake wawe sehemu ya wanaoandika na wanaogawa. Malalamiko yapokelewe na mtu asiyegawa misaada, na anayethibitika kutenda hilo aondolewe siku hiyohiyo, awe nani, hata kama ni mtoto wa mzee wa mtaa.

Waliobakwa na watoto waliopotezana na wazazi

Aliyebakwa anahitaji kufika kwa mhudumu wa afya mapema, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanza kutumika ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120, vyote vikiwa na nguvu zaidi kadiri vinavyowahiwa. Wajumbe wenu wajue saa hizo kwa moyo, na wajue ni mlango gani bado uko wazi wa kupata dawa hizo. Kazi yao ni kusikiliza, kuamini, kusindikiza akikubali, na kunyamaza baadaye. Wasimhoji kwa undani, wasiandike jina lake, wasimpige picha, wala wasimlete kwa mwandishi wa habari hata kama mwandishi huyo ana nia njema. Wanaume na wavulana nao hubakwa, hasa vizuizini na katika mahabusu, na hunyamaza zaidi. Matangazo yenu yasiseme wanawake peke yao.

Familia zishauriwe mapema kuwafundisha watoto majina kamili ya wazazi na mahali pa kukutania, na kushona namba ya simu ya jamaa aliye mbali ndani ya pindo la nguo ya mtoto mdogo, mahali pasipoonekana. Mtoto akipatikana peke yake, andikeni alipopatikana, saa, nguo alizovaa na aliyoyasema, kabla hajahamishwa hata hatua chache, kwa sababu taarifa hizo hupotea ndani ya siku moja. Ndugu wasitenganishwe. Mtoto akae na familia inayojulikana mtaani, inayotembelewa na mjumbe, kuliko kupelekwa haraka katika kituo cha mayatima mji wa mbali, maana wengi wanaoitwa mayatima katika wiki za kwanza wana mzazi anayewatafuta. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na vyama vya kitaifa vina huduma ya kuwatafuta jamaa waliopotezana, nayo hupokea taarifa kutoka kwenu bila malipo.

Walindeni wahudumu wenu

Mwaka 2023 waliuawa wahudumu wa kibinadamu 280 duniani, na mwaka 2024 waliuawa zaidi ya 370, idadi kubwa kuliko yoyote iliyowahi kurekodiwa hadi wakati huo. Walio wengi mno kati yao walikuwa wenyeji wa nchi walizofanyia kazi. Mwezi Mei 2024 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2730 la kuwalinda wahudumu hao, na azimio hilo linawataja wenyeji kwa uwazi, lakini ulinzi wa kila siku utatoka kwenu wenyewe.

Kila safari iwe na muda wa kuondoka, njia, muda wa kupiga simu na mtu anayengoja simu hiyo akijua la kufanya isipopigwa. Safari za usiku zipigwe marufuku. Mitandao ikikatika, simu za upepo au mjumbe wa baiskeli kwa saa maalumu hufaa, ingawa simu za upepo zinahitaji kibali na huzua shaka kwa wapiganaji, hivyo ziombeeni ruhusa kwanza. Wote wafundishwe kutogusa kitu chochote cha chuma wasichokijua, kurudi kwa kufuata nyayo zao, kuweka alama kwa mbali na kutoa taarifa. Mhudumu awe na haki ya kukataa safari bila kueleza sababu, kwa maana wakati mwingine sababu yenyewe ni hatari kuitamka.

Mshahara wa miezi 2 au 3 ulipwe mbele mapigano yanapokaribia, na mpango wa kuhama uwahusu pia wake, waume na watoto wa wahudumu; mtu hawezi kukaa kazini akiwaza watoto wake wako upande gani wa mto. Wanaojitolea bila mshahara nao wamo katika mpango huo, kwa kuwa risasi haiangalii mkataba. Wapeni siku za kupumzika hata katika wiki mbaya, na akifa mmoja, simamisheni kazi mzike na kuomboleza. Asasi inayojilazimisha kuendelea siku hiyo hupoteza watu wake mmoja mmoja baadaye.

Kuzungumza na mfadhili

Mwaka 2016, wakati wa mkutano wa dunia wa masuala ya kibinadamu mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba hadi mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha zingewafikia watoa huduma wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Ahadi hiyo haikutimizwa. Fedha nyingi bado hupitia mikono kadhaa, na kila mkono hubakiza gharama zake za uendeshaji huku asasi ya mwisho ikiambiwa kwamba kodi ya ofisi, matengenezo ya gari na bima havilipwi. Msione haya kulikataa hilo. Katika kila bajeti wekeni asilimia ya gharama za uendeshaji sawa na anayobakiza mshirika wenu mkubwa, mstari wa gharama za usalama, na bima ya maisha na matibabu, na mwombe malipo yatangulie kazi badala ya kurejeshewa baadaye. Anayewatuma mahali ambapo watu wake hawaruhusiwi kwenda amewahamishia hatari, na hatari hiyo ina gharama inayopaswa kuonekana kwenye mkataba.

Kubalianeni pia, kabla ya vita kufika, ni ushahidi gani utatosha stakabadhi zisipopatikana: dole gumba na mashahidi wawili, picha ya mizigo bila nyuso, au daftari la mfanyabiashara. Msitegemee mfadhili mmoja. Marekani iliposimamisha misaada yake mapema mwaka 2025, sehemu kubwa ya majiko ya jamii nchini Sudan ilifungwa ndani ya muda mfupi, na waliokula humo hawakuwa na mahali pengine. Michango midogo ya wenyeji na ya jamaa walio ughaibuni haitajaza pengo lote, lakini ina sifa ya kuja bila masharti na bila kungoja mwaka wa fedha, kwa hiyo itunzeni na itoleeni hesabu kwa uaminifu uleule mnaompa mfadhili mkubwa.

Kusimamisha kazi

Andikeni, mkiwa bado na utulivu, mambo yatakayowafanya msimame: mhudumu kutekwa, makombora kuanguka ndani ya umbali fulani wa ofisi, upande mmoja kudai orodha, au misaada kuelekezwa kwa nguvu. Lolote kati ya hayo likitokea, mtu aliyetajwa kwenye azimio la bodi anasimamisha safari, orodha zinaharibiwa, na pande zote zinaarifiwa sababu kwa lugha isiyolaumu. Wajumbe wa mitaa, ambao hawatahama kwa sababu hapo ndipo kwao, waachiwe bidhaa zilizomo majumbani, pakiti za dawa na barua fupi isiyo na nembo inayowapa mamlaka ya kugawa kwa busara yao hadi mawasiliano yatakaporudi, bila kudaiwa stakabadhi kwa kipindi hicho.